Kodi ya urithi na biashara za familia: hukumu yake, na wanayopaswa kuyajua warithi wa Visiwani wenye mali Bara

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu waliohamia Bara kutafuta riziki. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, kata kama Miyuji zimejaa nyumba mpya, na waliotangulia kununua viwanja huko wameona thamani yake ikipanda. Baadhi yao wameshatangulia mbele ya haki. Wameacha maduka na viwanja Miyuji, na mama, wake na mabinti Visiwani.

Linapotajwa jambo la kodi juu ya mali ya marehemu, familia hizi huingiwa na wasiwasi. Oktoba 2024 Rais alizindua Tume ya kupitia mfumo wa kodi nchini, chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue, na swali la nani abebe mzigo wa kodi likarudi midomoni mwa watu. Makala hii inaeleza sheria ilivyo, mjadala ulivyo duniani, hukumu ya sharia, na namna ya kugawa mirathi bila kuvunja biashara na bila kumdhulumu mtu.

Je, Tanzania ina kodi ya urithi?

Hapana. Hakuna kodi inayotozwa Tanzania kwa sababu tu mtu amefariki na mali yake imekwenda kwa warithi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na ushuru wa mali ya marehemu uliorithiwa kutoka kwa ukoloni, nao ulifutwa mwaka 1982.

Ukimsikia mtu akisema "Serikali imechukua urithi wetu", mara nyingi anazungumzia moja ya haya manne:

1. *Deni la kodi la marehemu mwenyewe.* Aliyefanya biashara akafa bila kumaliza kodi ya mapato ameacha deni. Hudaiwa msimamizi wa mirathi, alipe kutoka katika mali ya marehemu.

2. *Kodi ya faida ya kuuza ardhi au jengo.* Warithi wakiamua kuuza kiwanja ili wagawane fedha, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaihusu faida iliyopatikana. Kwa mkaazi wa Tanzania kiwango cha jumla ni asilimia 10 ya faida, na kwa asiye mkaazi ni kikubwa zaidi. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Kwa hiyo risiti za saruji na mabati ambazo marehemu alizihifadhi ni mali.

3. *Pango la ardhi na kodi ya majengo.* Pango la ardhi linaendelea kuhesabika kila mwaka hata kama jina kwenye hati ni la marehemu. Kodi ya majengo Bara hukatwa kupitia umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, kwa hiyo anayenunua umeme wa nyumba ile anailipa, ajue au asijue.

4. *Kodi ya mapato ya biashara inayoendelea.* Duka likiendelea kuuza baada ya kifo, faida yake ina kodi. Kuendelea kutumia namba ya TIN, leseni na mashine ya EFD ya marehemu kana kwamba yu hai ni kujitafutia matatizo.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na TRA inaisimamia Bara na Zanzibar. Kodi nyingine za Zanzibar zinasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Mrithi aliye Chake Chake mwenye sehemu katika nyumba ya Miyuji atafuata taratibu za Bara kuhusu nyumba hiyo.

Mjadala ulivyo duniani

Wanaoitetea kodi ya urithi wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema mali ikirundikana katika nyumba chache kizazi baada ya kizazi, mtoto wa maskini hana pa kuanzia, na aliyerithi hakuitolea jasho mali ile. Wanaoipinga wanasema marehemu alishailipia kodi alipoichuma, na kwamba kodi hiyo huvunja mashamba na biashara za familia, kwa kuwa thamani imo katika ardhi na bidhaa, wala si fedha taslimu.

Uingereza hutoza asilimia 40 juu ya mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000, pamoja na misamaha kadhaa. Mashamba na biashara za familia zilikuwa na msamaha mkubwa. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kuupunguza kuanzia Aprili 2026, msamaha kamili uishie kwenye pauni milioni 1. Wakulima waliandamana London Novemba 2024, na Desemba 2025 serikali ikakubali kupandisha kiwango hicho hadi pauni milioni 2.5. Afrika Kusini hutoza asilimia 20, na asilimia 25 kwa mali inayozidi randi milioni 30, baada ya kusamehe randi milioni 3.5 za mwanzo. Sweden na Norway zimeifuta kabisa. Ripoti ya OECD ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa katika nchi za jumuiya hiyo zinazotoza kodi za aina hii, mapato yake kwa wastani ni kama nusu ya asilimia 1 tu ya kodi zote.

Jambo hili linawagusa ndugu zetu walioko Uingereza moja kwa moja. Tangu Aprili 2025, aliyeishi huko miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa mali yake yote duniani. Kiwanja chake cha Miyuji au shamba lake la mikarafuu Pemba vimo katika hesabu hiyo. Aliye katika hali hii aandike wasia wake mapema kwa msaada wa mwanasheria anayeijua mirathi ya Kiislamu.

Hukumu ya sharia

Allah (S.W.) amezigawa sehemu za warithi katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Katika aya ya 7 amebainisha kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, mali iwe chache au nyingi. Hakuna mtu, kikao cha ukoo wala serikali yenye mamlaka ya kuongeza mrithi.

Haki zinazotolewa katika mali ya marehemu kabla ya kugawa, kwa mpangilio wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ni hizi:

- Haki zilizofungamana na mali yenyewe, kama rahani, na zaka iliyokwishawajibika.
- Gharama za mazishi kwa kiasi cha kawaida.
- Madeni yote, pamoja na mahari ya mke iliyobaki.
- Wasia, usiozidi theluthi moja ya kilichobaki, na usiwe kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia.
- Kisha mirathi.

Ama kodi, wanavyuoni wana misimamo miwili mashuhuri. Wapo wanaosema kwamba katika mali ya Muislamu hakuna haki ya lazima zaidi ya zaka, na wanatoa dalili kwa aya inayokataza kula mali za watu kwa batili (An-Nisaa: 29) na Hadithi zinazokemea watoza ushuru wa dhulma.

Wengine, wakiwemo Imamu al-Juwayni, Imamu al-Ghazali na Imamu ash-Shatibi, wameruhusu mtawala kuwatoza matajiri pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli, kwa masharti: pasiwe na njia nyingine, mzigo ugawanywe kwa uadilifu, na fedha zitumike mahali pake. Sheikh al-Izz ibn Abdis-Salam alipoulizwa Misri juu ya kuwatoza raia ili kupigana na Wamongolia, kabla ya vita vya Ayn Jalut mwaka 1260, alishurutisha kwamba wakubwa watoe kwanza dhahabu na mapambo yao, na ndipo raia waguswe.

Kwa hiyo kodi inayowekwa juu ya kifo chenyewe, ya kudumu, bila kuangalia kama mrithi ni yatima au mjane, iko mbali na masharti hayo hata kwa walioruhusu kodi. Ila ikitokea Muislamu yuko katika nchi yenye sheria hiyo, kama Uingereza, kinachotolewa hutoka katika mali yote kabla ya kugawa, na kila mrithi hupungukiwa kwa kadiri ya fungu lake. Si halali kumbebesha mama au dada peke yake, wala kaka kuifanya kodi kuwa kisingizio cha kuzuia mafungu ya wenzake. Wala si halali kughushi karatasi au kuapa uongo.

Mfano wa hesabu

Tuseme mzee wa Kipemba amefariki akiishi Miyuji. Ameacha mke, mama mzazi aliyeko Wete, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, wote watu wazima. Mali yake ni nyumba yenye kiwanja ya shilingi milioni 120, bidhaa za duka la vifaa vya ujenzi milioni 60, na fedha taslimu milioni 12. Jumla ni milioni 192.

Madeni: muuzaji wa jumla anadai milioni 14, kodi ya mapato milioni 6, mazishi milioni 2, na mahari ya mke iliyobaki milioni 2. Jumla milioni 24. Hakuacha wasia, na zaka alikuwa akiitoa. Inabaki milioni 168.

- Mke, thumni (1/8): milioni 21.
- Mama, sudusi (1/6): milioni 28.
- Watoto, kilichobaki: milioni 119, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kila wa kiume milioni 34, kila wa kike milioni 17.

Madeni ni milioni 24 na fedha taslimu ni 12. Kwa hiyo milioni 12 zimetoka katika bidhaa, na duka limebaki na bidhaa za milioni 48. Kama pangekuwa na kodi ya urithi ya asilimia 10, zingetakiwa milioni 16.8 za haraka, zaidi ya theluthi ya bidhaa zote zilizobaki. Hapa wanaosema kodi hii huumiza biashara za familia wanasema kweli.

Lakini tazama upande wa pili. Hata bila kodi hiyo, mke, mama na mabinti wana haki ya milioni 100, na duka lina bidhaa za milioni 48 tu. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Vijana wanasema, "Tusubiri kwanza, biashara itavunjika." Mwaka unapita, miaka mitano inapita, bibi kule Wete anafariki bila kupata hata shilingi, na fungu lake linaingia katika mirathi nyingine yenye warithi wengine. Kilichozuia haki yake kumfikia ni kuchelewa, na kodi haikuwa na mkono humo.

Ipo njia. Vijana wawili wana haki ya milioni 68. Wachukue bidhaa zote za milioni 48, na milioni 20 zao zibaki katika nyumba. Milioni 100 nyingine za nyumba ni za mke, mama na mabinti. Nyumba ikikodishwa kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa kodi ya mapato ya pango, mgawo ni huu: mama 140,000, mke 105,000, kila binti 85,000, na vijana wote wawili 100,000. Duka likiwa ndani ya nyumba hiyo, nalo lilipe pango. Biashara haijavunjika, kiwanja hakijauzwa, na kila mwenye haki anaiona haki yake kila mwezi. Makubaliano haya yanajuzu kwa ridhaa ya warithi wote waliobaleghe na wenye akili timamu. Kukiwa na yatima, fungu lake litengwe na lilindwe, wala lisiingizwe katika hatari za biashara kwa kuoneana haya. Onyo la aya ya 10 ya Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima ni zito.

Hoja yetu ina sharti

Waislamu wengi hujibu mjadala huu kwa kusema: sisi hatuhitaji kodi ya urithi, kwa sababu sharia yetu inaisambaza mali yenyewe. Ni hoja nzuri na ni ya kweli. Suratul-Hashr, aya ya 7, inabainisha kuwa mali isiwe ya kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Katika mfano wetu, mali ya mtu mmoja imefika mikononi mwa watu saba, watano kati yao wanawake. Na zaka ya duka lile, asilimia 2.5 ya bidhaa na fedha za milioni 72, ni milioni 1.8 kwa mwaka. Kwa miaka kumi zinafika milioni 18, zaidi ya ile kodi ya asilimia 10 tuliyoikadiria.

Lakini hoja hii inasimama pale tu mirathi inapogawanywa kweli na zaka inapotolewa kweli. Anayeipinga kodi ya urithi kwa jina la sharia, huku dada zake hawajapata mafungu yao tangu baba alipofariki, amejinyima hoja kwa mkono wake. Mali yake imerundikana kama anavyosema mpinzani wake, na waliozuiliwa ni wale wale Allah (S.W.) aliowataja kwa mafungu yao.

Hatua za kufuata

*Cheti cha kifo na kikao.* Pata cheti cha kifo, kisha familia ikae, imchague msimamizi wa mirathi na iandike muhtasari. Iandikwe wazi kwamba marehemu aliishi na kufa Muislamu na kwamba mirathi igawanywe Kiislamu. Bara hakuna Mahakama ya Kadhi ya dola kama ilivyo Zanzibar, na mahakama huangalia maisha ya marehemu ili kuamua sheria ya kutumia.

*Mahakama.* Marehemu aliyekuwa akiishi Miyuji, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo hilo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Ikiwa marehemu aliishi Zanzibar, mambo huanzia huko, ambako Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana zina nafasi yake. Bara na Zanzibar zina mifumo tofauti ya mahakama, basi msidhani karatasi iliyotolewa Unguja itatosha yenyewe katika ofisi ya ardhi Dodoma. Ulizeni mapema.

*Hati ya kiwanja.* Viwanja vingi vya zamani vya Dodoma vilitolewa na CDA kwa muda wa miaka 33. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na ikaelekezwa muda uwe miaka 99. Mwenye karatasi ya CDA ya marehemu aipeleke ofisi ya ardhi ya Jiji, ajue muda uliobaki na pango linalodaiwa.

*TRA.* Msimamizi aripoti kifo, aulize deni la marehemu, na asigawe kitu kabla ya kulilipa. Warithi wakitaka kuuza, waulize hesabu ya kodi kabla ya kupokea fedha za mnunuzi.

*Biashara.* Warithi wakiamua kuendelea pamoja, iandikwe mali ya kila mmoja, ujira wa anayefanya kazi, na siku ya kugawana faida. Wanaweza kusajili kampuni BRELA na kugawana hisa kwa mafungu yao. Kijana anayeshinda dukani anastahiki malipo ya kazi yake, lakini kazi haimfanyi mwenye mali peke yake.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, naweza kugawa mali yangu nikiwa hai ili kuepusha usumbufu?* Hiba inajuzu ukiwa na afya, ikitolewa na kukabidhiwa kweli. Wafanyie watoto uadilifu: Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba yake Nu'man bin Bashir alimpa mtoto mmoja bila ya wengine. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huchukua hukumu ya wasia.

*Je, naweza kuandika kiwanja kwa jina la mwanangu mkubwa ili tu jina langu lisionekane?* Ukifa, wenzake watathibitisha vipi kwamba ni mali yako? Usimtie mwanao katika mtihani huo.

*Je, dada anaweza kusamehe fungu lake?* Anaweza, akishalijua kiasi chake na akiwa huru kukataa. Kunyamaza kwa haya mbele ya kaka zake si msamaha.

Mwenye mirathi isiyogawanywa aanze wiki hii kwa orodha moja: mali, madeni, warithi. Aipeleke kwa Kadhi au mwanachuoni anayeaminika apigiwe mafungu, kisha kwa msimamizi wa kisheria. Allah (S.W.) atuwafikishe kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Wallahu a'lam.